Shaba ya Kolwezi inafika baharini kwa siku nane, raia wa Kolwezi atafika lini?

Kolwezi, jimbo la Lualaba. – Mwishoni mwa Desemba 2023, wakati wakaaji wa Kolwezi walikuwa wanahangaika kutafuta kuku na mchele wa Bonane, mzigo wa karibu tani 1,100 za shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula ulipakiwa kwenye treni hapa mjini. Siku nane baadaye mzigo huo ulikuwa umefika bandari ya Lobito, nchini Angola, kwenye bahari ya Atlantiki. Ilikuwa katikati ya majira ya mvua. Matope hayakuuzuia.

Tangu siku hiyo maneno ya korido ya Lobito hayaishi. Januari 2024 kampuni ya Lobito Atlantic Railway, yenye wenye hisa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, ilianza kuendesha njia hiyo upande wa Angola kwa mkataba wa miaka 30. Mwaka huohuo Marekani ilitangaza mkopo wa dola milioni 553 kwa ajili ya reli hiyo, na mnamo Desemba rais Joe Biden mwenyewe alifika Angola kuitazama. Ivanhoe, mmoja wa wenye Kamoa-Kakula, ilitangaza kwamba kuanzia 2025 itapitisha huko kati ya tani 120,000 na 240,000 kila mwaka.

Yote hayo ni mazuri. Lakini katika hotuba hizo zote kuna neno moja ambalo wakaaji wa Kolwezi wanalingoja bila kulisikia: abiria.

Bahari mbili, njia mbili

Kolwezi haina bahari, lakini iko na bahari mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya Dar es Salaam, mashariki. Ya pili ni ya Lobito, magharibi. Mchuuzi anayeishi komini ya Manika au Dilala, akitaka kwenda kununua mali bandarini badala ya kuinunua kwa mtu wa tano, inafaa alinganishe safari hizo mbili. Bei ya tiketi inapanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo tuhesabu kitu kisichobadilika: mahali ambapo msafiri atalazimika kutia mkono mfukoni.

Kwenda Dar es Salaam, anaanza na basi la Kolwezi hadi Lubumbashi, kilomita 300 hivi. Halafu Kasumbalesa, mpaka wa kwanza. Halafu Zambia nzima, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, mpaka Nakonde. Hapo anavuka mpaka wa pili na kuingia Tunduma. Halafu Mbeya, Iringa, Morogoro, ndipo Dar. Ni zaidi ya kilomita 2,200. Mihuri ni minne: kutoka Kongo, kuingia Zambia, kutoka Zambia, kuingia Tanzania. Pesa anazobadilisha ni franka, kwacha na shilingi, na kila anapobadilisha anapoteza kidogo. Hata anayepata basi la moja kwa moja kutoka Lubumbashi analala njiani, anakula njiani, na mali yake inafunguliwa mara mbili mpakani anaporudi.

Kwenda Lobito, njia ni Mutshatsha, Kasaji, Dilolo. Hapo anavuka mpaka na kuingia Luau. Kisha Luena, Huambo, Benguela, na bahari. Ni karibu kilomita 1,700 kwa reli. Mpaka ni mmoja tu. Mihuri ni miwili. Pesa za kubadilisha ni franka na kwanza, basi.

Kwa hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, Lobito iko karibu zaidi kwa kilomita mia tano au zaidi, na mpaka mmoja umepungua. Safari hiyo ilipaswa kuwa rahisi kwa mfuko wa raia. Lakini muulize mtu yeyote sokoni Kolwezi ni jirani gani aliyewahi kwenda Lobito, kisha umuulize ni nani aliyefika Dar. Jibu linajulikana.

Hali ya hewa nayo inatoa ushahidi

Kuna wanaosema kwamba watu wanaipenda Dar es Salaam kwa sababu ya hewa yake. Tuangalie na hilo. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa hapa unadai blanketi nzito, na kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili mvua inanyesha karibu kila siku. Mtu wa Kolwezi akishuka Dar mwezi wa Januari au Februari, jasho halimwachi, mchana na usiku. Akifika kati ya Machi na Mei anakuta masika, na bonde la Jangwani limejaa maji. Miezi mizuri ya huko ni Juni hadi Septemba.

Lobito ni kitu kingine. Pwani yake inapitiwa na mkondo wa maji baridi unaoitwa Benguela, unaotoka kusini. Maji hayo yanapoza hewa na yanazuia mvua, kiasi kwamba mji unakaa kama jangwa dogo kando ya bahari. Kuanzia Juni kunakuwa na baridi ya ukungu ambayo Waangola wanaiita *cacimbo*. Mvua ya mwaka mzima ni sehemu ndogo tu ya ile inayonyesha Kolwezi. Ndiyo maana jimbo la Benguela linavuna chumvi kwa jua na kukausha samaki. Samaki wa chumvi na chumvi yenyewe ndivyo vitu ambavyo jikoni za Kolwezi zinavitafuta.

Kwa hiyo hewa ya Lobito haimfukuzi mtu. Hewa inayomfukuza msafiri ni ya hapahapa kwetu. Barabara ya taifa namba 39 kutoka Kolwezi kuelekea Dilolo inajulikana kwa matope yake. Mvua ikikolea, malori yanalala siku nyingi huko Mutshatsha na mbele yake. Na mvua hiyo inaanguka wakati uleule wa Noeli na Bonane, ambapo mchuuzi angepata faida. Katika majira hayo njia ya kutegemea kuelekea magharibi ni reli. Na reli hiyo imetengwa kwa ajili ya shaba.

Watu wanapanda tayari, lakini juu ya mizigo

Wakubwa wakiulizwa, wanajibu kwamba abiria ni hatari na reli ni ya zamani. Wanasema kana kwamba raia anangoja ruhusa. Raia hangoji. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo ya SNCC ilianguka kwenye bonde karibu na kijiji cha Buyofwe, katika eneo la Lubudi, humuhumu Lualaba. Watu 75 walikufa na wengine 125 walijeruhiwa. Waliitwa abiria wa kificho. Zaidi kidogo ya miaka minne kabla, Novemba 2017, katika eneo hilohilo, treni iliyobeba mafuta ilianguka na kuwaka, na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha.

Neno hilo, *kificho*, linafaa kuchunguzwa. Mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa mahindi hajifichi. Anapanda mchana, mbele ya macho ya watu, kwa sababu hakuna behewa lenye kiti na hakuna dirisha la kununulia tiketi. Kilichofichwa ni wajibu wa wale waliopaswa kumwekea kiti. Baada ya kila ajali bendera zinashushwa, rambirambi zinasomwa kwenye redio, halafu treni inayofuata inapita na watu juu yake.

Reli ambayo haiwezi kumbeba mtu salama haiwezi kubeba shaba salama pia. Ikiwa pesa zinatafutwa ili mzigo usianguke, nguzo na mataruma hayohayo yatamshika na binadamu.

Zamani ilikuwaje

Reli ya Benguela haikuanza jana. Mwingereza Robert Williams alipewa ruhusa ya kuijenga mwaka 1902, ikafika mpaka wa Kongo mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Katanga. Vita vya Angola viliifunga kuanzia 1975. Wachina waliijenga upya, na mwaka 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kuifungua.

Leo, upande wa Angola, mkataba wa kampuni binafsi ni wa mizigo. Treni za abiria zimebaki kwa shirika la serikali, CFB. Maana yake ni kwamba Angola ilipouza haki ya kupitisha shaba, ilikumbuka kuweka kando kiti cha raia wake. Mtu wa Luau anaweza kupanda treni mpaka baharini. Mtu wa Dilolo, aliye ng'ambo tu ya mto, anaitazama ikiondoka.

Mashariki nako kuna somo. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, ilijengwa miaka ya 1970 ili shaba ya Zambia isipite kwa walowezi wa kusini. Lakini pamoja na shaba ilipewa mabehewa ya watu. Reli hiyo imekuwa na matatizo mengi, hakuna anayekataa. Hata hivyo vijiji vya njiani viliuza ndizi na mchele kwa sababu treni ilisimama.

Majibu kwa wanaokataa

Wa kwanza wanasema Lobito wanazungumza Kireno, na Dar ni Kiswahili, kwa hiyo watu hawatakwenda. Ni kweli kwamba Kiswahili kinamrahisishia mchuuzi wa Kolwezi kupatana bei Kariakoo. Lakini wachuuzi wa Lubumbashi wanakwenda Dubai na Guangzhou, na huko Kiarabu na Kichina hawakujifunza shuleni. Biashara inajifundisha lugha yenyewe.

Wa pili wanakumbusha kwamba Angola iliwafukuza Wakongomani mamia ya maelfu mwaka 2018, kutoka Lunda. Ni jeraha kweli. Lakini wengi wa waliofukuzwa walikuwa kwenye machimbo ya almasi bila karatasi. Msafiri mwenye tiketi, pasipoti na muhuri ana pa kusimama akidai haki yake. Ukosefu wa njia halali ndio unaomsukuma mtu kupita porini.

Wa tatu, na hao ndio wenye nguvu, wanasema abiria hawaleti faida. Hapo wanasema ukweli wa daftari moja. Katika daftari la pili kuna haya: kwa sheria ya madini ya 2018, ushuru wa madini unagawanywa, na jimbo linapata asilimia 25, na miji, sekta na usultani wenye migodi vinapata asilimia 15. Pesa hizo zinatoka kwenye udongo wa Lualaba. Kongo leo ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile, na sehemu kubwa inatoka hapa. Jimbo lenye mfuko kama huo haliwezi kuwaambia raia wake kwamba limekosa mabehewa manne.

Kinachotakiwa ni kidogo

Hakuna anayeomba treni ya mwendo wa kasi. Kuna mambo manne, na yote yanawezekana.

Kwanza, treni moja ya abiria kwa wiki, Kolwezi hadi Dilolo, yenye siku na saa inayojulikana, inayopangwa ili ikutane na treni ya CFB huko Luau.

Pili, mkataba wowote ambao SNCC au serikali itatia saini kuhusu kipande cha reli cha upande wa Kongo uwe na sharti la abiria lililoandikwa, si ahadi ya mdomo.

Tatu, bei ibandikwe ukutani kwa franka, stesheni na mpakani, pamoja na kila ada ya karatasi. Ada isiyobandikwa isilipwe.

Nne, wabunge wa jimbo, katika kikao cha bajeti, wamuulize liwali wazi: kati ya ule ushuru wa madini, ni franka ngapi zimewekwa kwa ajili ya usafiri wa watu? Jibu lisomwe hadharani.

Kila siku malori na mabehewa yenye shaba yanapita mbele ya nyumba za Kolwezi. Watoto wanayahesabu. Wanajua yanakwenda baharini. Wanajua pia kwamba baba zao, waliochimba kilichomo, hawajawahi kuiona bahari hiyo. Shaba haina macho, lakini inapelekwa kuiona ndani ya siku nane. Viongozi wa Lualaba waeleze kwa nini mwenye macho ndiye anayebaki stesheni.