Vigae Mihrabuni

Ramadhani iliyopita nilirudi nyumbani Pwani, nikaingia msikiti wa mtaa wetu, na kumbe mihrabu imevishwa kama bafu la hoteli. Sitanii. Vigae vyeupe vinavyong'aa, ukanda wa dhahabu, taa za kijani juu. Hapo palikuwa na tao la matumbawe lililochongwa kwa mkono.

Nikamuuliza mzee mmoja wa kamati. "Mwanangu, lile lilikuwa likimwaga vumbi kila siku. Hivi vigae ni kupangusa tu. Na msikiti si makumbusho."

Hilo la makumbusho sibishi, pale ni pa kuswalia. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiufunika kwa saruji na vigae, unyevu na chumvi hukwama ndani, na jiwe huendelea kuliwa mahali ambapo hakuna anayeliona. Dawa ilikuwa chokaa, basi.

Wapo pia wanaosema eti nakshi huvuruga swala. Kwani taa za kijani zinatuliza? Isitoshe, mihrabu ya kuingia ndani ya ukuta haikuwepo zama za Mtume. Ilifika Msikiti wa Madina ulipojengwa upya chini ya Banu Umayya, miaka ya 707 hadi 709. Kwa hiyo tusijifanye tunarudi kwenye asili.

Kinachoniuma zaidi ni kazi yenyewe. Matumbawe yale yalikatwa baharini yakiwa mabichi na laini, yakachongwa kabla hayajawa magumu. Mtu wa Mombasa akielekea Makkah anaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Fundi alilijua hilo bila simu. Kizimkazi, kule Unguja, mihrabu ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Gede walipachika vibakuli vya kauri. Halafu sisi tunashinda mitandaoni tukibishana kama Waswahili walijenga au walijengewa, huku mkono wa fundi wetu tunaubomoa kwa nyundo, tena kwa mchango wetu wenyewe. Mimi pia nilituma pesa. Sikuuliza za nini.

Vipande vilienda wapi? Mzee akanionyesha shimo la barabara nyuma ya udhuhani. Vilikuwa vimemwagwa humo kama kifusi. Nilichimbua kimoja, nusu ua, kiko dirishani kwangu Nairobi. Kamati ikikitaka, nitakirudisha kwa basi la usiku huo huo.