Eksirei Uwanjani na Filamu Mkobani

Wapo wanaoshikilia kwamba mashine za eksirei katika viwanja vya ndege hazidhuru filamu ya kamera, na wapo wanaoapa kwamba zimewaharibia. Hapa Manyatta nimeyasikia mabishano hayo kwa mwalimu aliyetaka kusafirisha filamu ya zamani isiyowahi kusafishwa, yenye sura za wazazi waliokwisha kufariki.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kulikata shauri. Mgonjwa akitumwa eksirei, twasema amekwenda "kupigwa picha." Ndivyo hasa. Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hiyo mwaka 1895, bamba la picha ndilo lililomhifadhia mifupa ya mkono wa mkewe. Mionzi inayoandika juu ya filamu hospitalini itaachaje kuandika uwanjani?

Suala ni kiasi. Mashine za kawaida za mizigo ya mkononi hutumia mionzi hafifu, na filamu ya kasi ya 100 hadi 400 hupita mara moja au mbili bila dosari ya kuonekana. Lakini dhara hujilimbikiza, na atokaye Kisumu kwenda London kupitia Nairobi hukaguliwa zaidi ya mara moja. Filamu ya kasi ya 800 na zaidi huathirika upesi. Ama mashine za masanduku yaingiayo tumboni mwa ndege, na zile mpya za CT, nguvu zake ni kubwa mno: kupita mara moja tu kwaweza kuacha ukungu au mistari.

Neno "picha" nalo hutupoteza. Picha iliyokwisha kusafishwa haidhuriki, wala ya kamera ya dijitali. Kinachodhurika ni filamu mbichi.

Simlaumu abiria. Kwake mashine hizo zote ni makasha yanayofanana. Yafaa kila mashine ibandikwe ilani ya Kiswahili inayoeleza aina yake, na abiria aruhusiwe kuomba filamu ikaguliwe kwa mkono, kama sheria inavyomruhusu nchini Marekani. Kwingineko hubaki kwa hiari ya mkaguzi, naye mwenye foleni ndefu mbele yake si mwepesi wa hiari.

Akikataliwa, mwalimu wetu aendaye Nairobi angali na basi la kupitia Kericho, lisilo na CT mlangoni.