Kengele ilie kwa wengi

Novemba 2015, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitinga Bandari ya Dar es Salaam bila hodi, akafichua makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi ya shilingi bilioni 80. Kontena la futi 40 si kitu cha kuficha mfukoni.

Leo lori la mzigo wa Zambia au Kongo hufungwa lakiri ya kielektroniki inayoonyesha lilipo. Vizuri. Lakini katika zile kilomita chache za kutoka bandarini kwenda bandari kavu za Temeke, malori yakiwa foleni Barabara ya Mandela, nani anatazama skrini saa nane usiku?

Tunataka kamera za Mamlaka ya Bandari (TPA), lakiri za Mamlaka ya Mapato (TRA) na kumbukumbu za bandari kavu visomane. Lakiri ikikatwa, kengele ilie kwa wote, polisi wakiwemo. Ofisa mmoja hunyamazishwa kirahisi.