Gongo la Kukulia



Dada yetu wa Mji wa Kale ametuandikia kuhusu mwanawe wa miaka tisa anayelelewa kwa mjomba wake huko Ohio, Marekani. Mtoto ametiwa katika timu ya besiboli, mchezo wa kupiga kwa gongo mpira unaorushwa na mpinzani. Kila mpira humpita kabla hajazungusha gongo. Mjomba humpigia kelele ainue kiwiko, na siku hizi mtoto huamka siku ya mchezo akidai tumbo lamuuma. Mama auliza: amtoe?

Kwanza lipimwe gongo. Sisi watu wa pwani huwanunulia watoto kanzu na viatu vya kukulia, na kubana matumizi si aibu. Lakini gongo si kanzu. Mtoto alishike kwa mkono mmoja, alinyooshe ubavuni usawa wa bega, kisha ahesabiwe polepole hadi ishirini. Mkono ukitetemeka au ukishuka, gongo hilo ni zito kwake. Atachelewa tu, kwani katika ligi ya watoto ya Little League mrushaji husimama mita 14 hivi kutoka kwa mpigaji, na hapana ukelele utakaomharakisha.

Kisha namna ya kushika. Atumiaye mkono wa kulia amwelekezee mrushaji bega la kushoto, mkono wa kulia ukae juu ya wa kushoto, na gongo lishikwe kwa vidole, lisizamishwe kiganjani. Mikono ikae karibu na bega la nyuma, gongo likiwa limelala kidogo juu ya bega hilo. Likipelekwa nyuma ya kichwa, safari ya kurudi huwa ndefu. Kiwiko tungekiacha kilegee. Wapo wakufunzi wanaokitaka juu, ila mtoto mdogo akikiinua sana hukakamaa, na gongo humshuka kabla ya kupiga.

Nguvu haitoki mikononi. Aliyemtazama mvuvi akirusha kimia amekwisha kuliona hilo: kiuno hutangulia, mabega yakafuata, mikono ikaja mwisho. Mpigaji naye hutupa hatua fupi kwa mguu wa mbele, nyonga zikageuka, kisigino cha nyuma kikainuka, ndipo gongo likapita. Kichwa hutulia, na macho hayauachi mpira. Haya hufundishwa kwa mpira uliokaa juu ya kisimamio cha kimo cha kiuno, pasipo mrushaji wala watazamaji. Dada zake nao wapewe zamu. Little League imewapokea wasichana tangu mwaka 1974.

Na tumbo? Mpira wa besiboli ni mgumu, una uzito wa gramu 142 hivi. Mtoto kuuogopa ni akili. Aanze na mpira laini, na asisimame mbele ya mrushaji bila kofia ngumu. Mjomba tunamwomba, kwa heshima zote, anyamaze wiki mbili. Baada ya hapo mtoto aulizwe mwenyewe, faraghani, na mamake kwa simu. Akisema hautaki mchezo, atolewe.