Mfuko wa Kahawa na Fundo la Kanga

Kalenda inasema mwezi wa Januari una siku 31, lakini mwenye watoto wa shule anajua kwamba kalenda hiyo ilipigwa chapa na mtu asiye na mtoto. Huku kwetu Mwika unga hupungua tarehe 5, sukari hutoroka tarehe 8, na kiburu, yaani ndizi zetu na maharage, hurudi mezani mchana na jioni kama mgeni aliyesahau njia ya kwao. Mtoto akiuliza, "Mama, leo tunakula nini?" ndugu zake humcheka.

Leo nataka tuzungumze habari ya fedha ya nyumbani. Najua si mazungumzo mepesi, maana huku mlimani ni rahisi kumwuliza mtu dhambi zake kuliko kumwuliza fedha zake. Watu wa mikoa mingine hututania, ati Mchagga akizimia, gonganisha sarafu mbili karibu na sikio lake, ataamka. Sikatai. Lakini hao watani hawajaongeza jambo moja: akiamka, kwanza hutazama kama mwenzake wa nyumbani ameziona sarafu hizo.

Kihamba ni kimoja. Juu migomba, chini yake mibuni, na pembeni zizi la ng'ombe anayelishwa majani yaliyopandishwa kichwani kutoka tambarare. Lakini shamba hilo moja lina mifuko miwili. Kahawa ni ya baba. Ndizi na maziwa ni vya mama. Kahawa ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na vyama vya ushirika vya KNCU vilipoanza mwaka 1933, kitabuni liliandikwa jina la mwenye kihamba, naye kwa desturi yetu ni mwanamume. Basi fedha ile ikawa na jina lake. Ndizi haikuandikwa na mtu. Ilikwenda sokoni kichwani, ikarudi imefungwa katika fundo la kanga, na fundo la kanga halina karani.

Ndiyo maana fedha ya kahawa ina heshima yake. Huja mara moja au mbili kwa mwaka, malipo ya kwanza na, Mungu akijalia, malipo ya pili. Ikija, nyumba nzima hujua, hata mbwa. Baba hukohoa kikohozi cha pekee. Hiyo ndiyo fedha ya mabati, fedha ya posa, fedha ya mbuzi wa Krismasi wakati ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kila kipande cha nyama kina mwenyewe. Ile ya ndizi huitwa fedha ya chumvi tu. Hununua chumvi, kweli, na sabuni, na kiberiti, na daftari, na umeme wa LUKU, na dawa ya kikohozi, na mchango wa jumuiya, na vocha ya baba ili aweze kumpigia mtu simu kumweleza kwamba hana fedha.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuketi kwenye meza hii ya parokia, na mwalimu hata akiiacha chaki, chaki haimwachi. Basi chukueni kalamu. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo kila mtu baadaye aweke za kwake. Mimi natoa za mfano tu. Tuseme nyumba imepata kilo 80 za kahawa ya maganda. Si kazi ndogo, maana kilo moja ya maganda yataka kilo kama tano za kahawa mbivu, ndiyo kusema zilichumwa kilo 400, punje kwa punje, na tusiulizane sana ni mikono ya nani iliyochuma. Tuseme kilo ni shilingi 5,000. Zimekuwa 400,000. Toa 60,000 za dawa na kibarua wa kupogoa, zinabaki 340,000.

Sasa tufungue fundo. Mama anauza mkungu mmoja kila juma kwa shilingi 8,000. Majuma 52, ni 416,000. Anauza lita moja ya maziwa kwa siku, shilingi 1,000, kwa siku 270, kwa kuwa ng'ombe naye hupumzika kabla ya kuzaa. Ni 270,000. Jumla yake 686,000. Fedha ya chumvi imezidi mara mbili ya fedha ya mabati! Nilipowaonyesha wazee fulani hesabu hii, mmoja aliigeuza karatasi akaitazama pande zote mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama sikuongeza sifuri mahali fulani.

Sisemi haya kuwacheka akina baba, nami ni mmoja wao. Bei ya kahawa huamuliwa na watu wasiojua hata kama Mwika ipo. Baridi ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda duniani kote. Mapatano ya mataifa ya kugawana soko yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na baba wengi walioahidi ada wakaonekana waongo ingawa hawakuongopa. Mgomba hauna mambo hayo. Haujui habari za Brazil. Ukikomaa unakatwa, ukikatwa unauzwa, na juma lijalo kuna mwingine. Lakini kwa kuwa fedha yake huja kidogo kidogo, huonekana kama haikuja.

Akina mama nao wana ustadi wao wa kubana matumizi, ambao vyuo vyetu havikutufundisha. Mtoto akihitaji viatu, mama hachukui mtoto sokoni, maana mtoto akifika kwenye mitumba atataka kila kitu. Hupima unyayo wake kwa kamba ya mgomba, akaifunga fundo, akaenda na kamba. Najua mama aliyeweka kamba mbili mfuko mmoja, ya mkubwa na ya mdogo, akarudi na viatu jozi mbili sawasawa. Mkubwa alilia viatu vinambana, mdogo alilia vinamvuka. Mama akasema, "Wewe utavaa mwaka huu, na wewe utavaa viwili vyote mwaka kesho." Na bibi zetu vijijini, ambao zamani walifungwa barua kwa kalamu ya mwalimu, leo wameshika simu na kumwambia mjukuu aliye mjini, "Nitumie, baba, na ya kutolea." Neno hilo la mwisho hawalisahau kamwe.

Lakini ubanaji huo wote haufai kitu ikiwa mifuko miwili haijuani. Nitawaeleza kisa cha bwana mmoja na mkewe. Wameniruhusu, ila majina wamenikataza.

Binti yao alifaulu darasa la saba, akachaguliwa shule ya serikali ya bweni. Ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, na wazazi tulishangilia. Lakini godoro halikufutwa. Wala sanduku, wala shuka, ndoo, sweta na viatu vyeusi. Baba alikuwa amekwisha maliza fedha ya kahawa katika sikukuu, tena kwa mambo ya heshima tupu, na mwanamume hapendi kumwambia mkewe kwamba mfuko ni mtupu tarehe 6 Januari. Alisema, "Msiwe na wasiwasi, nina fedha zangu mahali." Usiku akaenda kwa jirani kukopa 100,000.

Jirani naye hakuwa nazo, ila hakutaka kuonekana hana. Akasema, "Nipe siku chache." Kisha akamwambia mke wake, na mke wake akangoja siku ya kikoba. Wasomaji mnavijua vikoba: wanachama hununua hisa kila juma, fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kila anayekopa lazima aeleze mbele ya wote anakopea nini. Mama yule alisimama akasema anaomba 100,000 za sanduku na godoro la mtoto aendaye kidato cha kwanza. Sasa, mama yule hakuwa na mtoto wa kidato cha kwanza. Na aliyeketi mbele yake, mwenye hisa nyingi za ndizi katika sanduku lile, alikuwa ni mama wa binti wetu.

Alielewa palepale. Akanyamaza. Wengine walipoinua mikono kuukubali mkopo, akainua na wake.

Baba alilipa kwa miezi mitatu, faida shilingi 10,000 kila mwezi, akauza mti mzima wa mbao. Binti alifika shuleni siku sita baada ya wenzake. Vitanda vizuri vilikuwa vimekwisha chukuliwa, na somo la kwanza la hesabu hakulipata. Mwezi wa Juni kikoba kikagawana faida. Jioni hiyo mama aliweka mezani nyama na kilo mbili za sukari. Baba akauliza sikukuu gani. Mama akamweleza yote, pasipo kucheka, nami nadhani hapo alijizuia sana.

"Basi nilikuwa nikimlipa faida mke wangu mwenyewe?"

"Ulikilipa kikundi, Baba. Mimi ni mwanachama tu."

"Mbona hukuniambia unazo?"

"Ulisema una zako mahali. Tena mwaka juzi nilikuambia ninazo, zikaenda kwenye posa ya mtoto wa shangazi yako."

Baba hakuwa na jibu la hilo. Binti, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa jikoni akiosha vyombo. Akasema bila kugeuka, "Mfuko wa Baba uko nyuma ya picha ya harusi. Wa Mama uko ndani ya debe la ulezi. Januari nilijua wa Baba ni mtupu na wa Mama umejaa. Lakini mimi ni mtoto, nani angeniuliza?"

Hapo, wasomaji, wote wawili walinyamaza, na si kwa sababu ya hasira.

Kesho yake walinunua daftari. Ukurasa una mistari miwili ya kusimama: Iliyoingia, Iliyotoka. Kahawa, ndizi, maziwa, vyote humo. Kila Jumapili jioni huandika, na binti akiwapo ndiye mwandishi, kwa kuwa hati yake inasomeka. Debe la ulezi sasa lina ulezi, na nyuma ya picha ya harusi pana ukuta. Jambo moja tu limewashinda. Baba anasema zile 30,000 za faida ziandikwe Iliyotoka, kwa kuwa mti wake umekwenda. Mama anasema fungu lake liandikwe Iliyoingia, kwa kuwa sukari imeliwa. Mwandishi amewaambia atamwuliza mwalimu wake wa hesabu, na kwa sasa ameuandika mstari huo kwa penseli.