Lineti ya kuonyesha njia mu mugodi: njia yenyewe iko?

Mu inchi za mbali, wahandisi wa migodi wanajaribu siku hizi lineti za namna ingine. Mufanyakazi anazivaa chini ya kaske. Anaona galeri yake sawa kawaida, lakini mbele ya macho kunatokea mushale wa rangi: pita huku. Ule mushale hauko ku ukuta kwa kweli, ni lineti njo inauchora. Moto ukiwaka, ama mawe yakianguka, mushale unapaswa kumuongoza mutu mpaka pa kutokea.

Hapa kwetu, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, watu wanashuka chini kila siku na kila usiku. Siku moja kitu hiki kinaweza kufika na kwetu, na sosyete itakionyesha kwa furaha. Mbele ya kupiga makofi, tuulize neno moja: kinaokoa mutu wakati gani, na wakati gani kinaweza kumudanganya?

Tuanze na namna kinafanya kazi. Telefone yako inajua pa uko juu ya sateliti. Lakini sauti ya sateliti haipiti mu mawe. Ku chini, lineti inapaswa kutafuta njia ingine: kamera yake inaangalia kuta, inazilinganisha na ramani yenye ilitiwa ndani, ama inasikia vyombo vidogo vya redio vyenye vilifungwa ku ukuta. Kiisha inahesabu: uko hapa, mulango uko kule. Sasa, vumbi likijaa, kamera haioni. Kura ikikatika, redio za ku ukuta zinaweza kunyamaza. Na kama ramani ni ya zamani, lineti itasema uongo kwa sauti ya mutu mwenye hakika.

Ile neno ya ramani haiko mchezo. Tarehe 24 mwezi wa 7, 2002, kule Quecreek, mu jimbo la Pennsylvania, Marekani, wachimbaji wa makaa walitoboa ukuta wa mugodi wa zamani wenye ulikuwa umejaa maji. Ramani yenye walikuwa nayo haikuonyesha mpaka wapi wazee wa zamani walichimba. Maji yakaingia, watu 9 wakafungiwa. Mungu alisaidia, na wale wenye kutoboa udongo kutoka juu walifanya kazi sana: kiisha saa 77, wote 9 walitoka wazima. Kama siku ile wangevaa lineti, ingewaonyesha nini? Ingewaonyesha ramani ile ile ya uongo, paka kwa rangi nzuri.

Mufano wa pili ni wa shaba, kazi yetu yenyewe. Tarehe 5 mwezi wa 8, 2010, mugodi wa San José, inchi ya Chile, ulianguka na kufunga watu 33 ku chini, karibu metre 700. Siku za kwanza walijaribu kupandia mu shimo la hewa. Ngazi haikufika mpaka juu. Njia iko, tundu liko, ngazi haiko! Walikaa siku 69 mbele ya kutolewa, na wote walitoka. Pale pia mushale ungewapeleka vizuri kabisa mpaka chini ya ngazi yenye haiko.

Mufano wa tatu ni wa moshi. Mwezi wa kwanza, 2006, mu jimbo la West Virginia, Marekani, moto uliwaka mu mugodi wa Aracoma. Watu 12 wa ekipe moja walikuwa wanakimbia. Moshi uliingia mu njia yenye ilipaswa kuwa safi, juu kuta zenye zilipaswa kuuzuia hazikuwa pale. Watu 10 walitoka. Wawili walipotea mu moshi, wakafia kule. Migodi yetu haiko ya makaa, lakini mashini ya mazuti na kamba za kura zinawaka na kwetu, na moshi wa mu galeri ni ule ule.

Hapa njo tunaweza kusema lineti ina maana. Wazimamoto wa Marekani wamejaribu chombo cha namna ile, chenye kamera ya joto: mutu akiwa mu moshi, kinamuchorea mistari ya mulango na ya ukuta. Hakimuambii hadisi ndefu, kinamuonyesha paka pembeni za vitu. Kwa mutu mwenye haoni hata mukono wake, ile ni kitu kikubwa.

Lakini angalieni dawa yenye Marekani ilichagua kwanza kiisha vifo vya mwaka ule. Ni kamba. Sheria yao inaomba, mu migodi ya makaa, kamba yenye inafuata njia ya kutokea. Kila metre karibu 30 kunafungwa kitu chenye umbo la faneli. Ukienda upande wa kutokea, mukono unateleza juu yake bila shida. Ukienda upande mubaya, mukono unagonga. Pa njia ya kwenda mu chumba cha kujificha, kunakuwa waya wa kujizungusha. Mutu anasoma ile yote na vidole, macho yamefungwa, hata akiwa na woga. Haina batri. Haiombi rezo. Mutoto wa darasa la kwanza anaweza kuielewa.

Kwa hiyo lineti nzuri inapaswa kuja juu ya kamba, haipaswi kuja pa fasi ya kamba. Wenye kuitengeneza wangesikiliza watu wa chini, wangepata maneno haya: mushale ukuwe mudogo, usifunike shimo lenye liko mbele ya miguu. Mikono ibaki huru. Sauti iseme Kiswahili, juu mu saa ya woga mutu anafikiri na luga ya mama yake. Ramani ikae ndani ya chombo chenyewe, rezo ikikufa iendelee. Na kupita yote: kama chombo hakijui pa kiko, kiseme "sijui" na kizimike. Mushale wa kubahatisha unaua kupita giza, juu mu giza mutu anatembea pole pole na anapapasa.

Tena, sosyete yenye kuuza inaweza kuacha. Microsoft ilileta lineti yake ya HoloLens mwaka 2016, na mwaka 2024 ikasema haitaitengeneza tena. Kama usalama wote wa mugodi uliegemea pale, nani atatoa vipande vya kubadilisha?

Wamama na watoto wa wachimbaji, kuna neno lenu pia. Ku Sago, tena West Virginia, tarehe 2 mwezi wa kwanza, 2006, mugodi ulilipuka. Familia zilikusanyika kanisani. Wakaambiwa: watu 12 ni wazima! Watu waliimba, walilia kwa furaha. Kiisha saa karibu tatu wakaambiwa ukweli: mumoja tu njo muzima, 12 wamekufa. Lineti yenye kuonyesha njia inajua pia mwenye kuivaa yuko wapi. Ile habari ingeweza kusaidia familia. Lakini inaweza pia kutumiwa kuhesabu dakika zenye mutu alipumzika. Lazima ikubaliwe mbele, na sendika ikiwa pale: habari hii ni ya kuokoa, haiko ya kukata mushahara.

Na ndugu zetu wa kreseri? Hawatapewa lineti. Mwezi wa 11, 2025, ku Kalando, mu Lualaba, watu walikimbia kwa woga juu ya daraja moja lenye lilijengwa kwa mikono. Likavunjika. Wakubwa wa jimbo walihesabu wafu 32 hivi. Wote walijua njia, hakuna mwenye alikosa mushale. Kilichokosekana ni njia ya pili.

Maneno haya hayako mapya. Mu mwaka 1995, Shirika la Kazi la Dunia liliandika Mapatano namba 176 juu ya usalama wa migodi. Yanaomba kila fasi ya kazi ku chini ikuwe na njia mbili za kutokea, kila mara inawezekana. Yanaomba ramani za mugodi zifanywe upya. Yanaomba majina ya wote wenye wako chini yajulikane kila saa, na pa wanaweza kuwa. Njia mbili, ramani, majina. Lineti inasimama juu ya ile mitatu. Ikikosa moja, ni kioo tu.

Basi, siku watakapokuja na lineti, delege asikatae, aulize. Njia ya pili iko wapi, na nani aliitembea mwezi huu? Ramani iliandikwa tena siku gani? Nani ana liste ya wenye wako chini leo? Kiisha aombe jaribio: galeri ijazwe moshi wa mafundisho, kura ikatwe, na yule mwenye kuuza avae lineti yake mwenyewe, ashike kamba kwa mukono mumoja, na atoke mbele yetu. Akitoka, tutaongea bei.