Nyumba ya Urithi na Deni Lisilo na Mwenyewe



Baada ya swala ya Ijumaa ya majuzi, ndugu wanne wa familia moja walifika mbele ya kamati yetu ya msikiti wakiwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na hati ya madai ya kodi ya pango la ardhi, kwa kiwanja cha marehemu baba yao aliyefariki miaka sita iliyopita. Kaka mkubwa alidhani dada yake anayeishi katika nyumba hiyo ndiye anayelipa. Dada naye alidhani analipa kaka, kwa kuwa ndiye aliyehifadhi hati miliki. Wadogo wawili walidhani kila kitu hukatwa kwenye umeme. Tuliwaeleza kwamba kinachokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 ni kodi ya jengo. Pango la ardhi ni deni jingine, nalo halifi kwa kufa mwenye hati.

Hakukuwa na mbaya miongoni mwao, na hilo ndilo lililotutia hofu. Nyumba yaweza kupotea bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya.

Tukakumbuka kisa cha bikizee mmoja wa Minneapolis, nchini Marekani, Geraldine Tyler. Mwaka 1999 alinunua makazi madogo katika jengo la ghorofa. Mwaka 2010 alihamia kwenye makao ya wazee, na tangu hapo kodi ya makazi yale haikulipwa. Kufikia mwaka 2015 kodi yenyewe ilikuwa dola 2,300 hivi. Riba, faini na gharama zikalifikisha deni dola 15,000. Serikali ya eneo lake ikayatwaa makazi hayo, ikayauza kwa dola 40,000, na dola 25,000 zilizozidi haikumrudishia.

Hayo hayakufanyika gizani. Sheria ya jimbo la Minnesota iliweka hatua: kodi ikichelewa, hukumu hutolewa, kisha mwenye mali hupewa muda, kwa kawaida miaka mitatu, wa kuikomboa. Muda ukipita, umiliki wote huhamia kwa serikali. Wakati huo, mali ilipouzwa, ziada iligawiwa baina ya serikali ya eneo, mji na shule. Bikizee akashitaki. Tarehe 25 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 94, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubaliana kwa sauti moja kwamba serikali ina haki ya kuuza mali ili ipate kodi yake, lakini haina haki ya kujichukulia zaidi ya deni bila ya kumlipa mwenyewe.

Waliosoma mlango wa rahani katika fiqhi hawatashangaa. Deni likishindikana kulipwa na rahani ikauzwa, mdai huchukua haki yake, na kinachobaki hurudi kwa mwenye mali. Kudai haki ni jambo moja, na kula mali ya mtu kwa kisingizio cha deni ni jambo jingine.

Hata hivyo, tusijidanganye. Hukumu ile ilihusu fedha zilizozidi. Makazi yalikwisha kuuzwa. Nayo nyumba inayouzwa mnadani mara nyingi haifikii thamani yake, na hakuna mnada unaorudisha chumba alichofia baba au ua walipochezea watoto.

Hivyo tunazisihi familia zetu mambo matatu. Kwanza, mirathi isikawizwe. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ameweka mafungu ya warithi baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Kodi aliyoiacha marehemu ni deni lake, nayo hutolewa katika mali yake kabla ya kugawana. Iliyolimbikizwa baada ya kifo chake ni ya warithi wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Pili, achaguliwe mmoja wa kutunza hati na stakabadhi, na wote wajue zilipo. Amana isiyo na mwenye kuulizwa hupotea. Tatu, hati ya madai isifichwe kabatini kwa aibu. Anayefika ofisini mapema akaeleza dhiki yake na kuomba kulipa kwa awamu ana la kusikilizwa, kuliko anayesubiri kuitwa barazani.

Nao wenye mamlaka, ambao miongoni mwao wamo ndugu zetu tunaoswali nao safu moja, tunawakumbusha Suratul Baqara, pale Mola wetu alipoamuru mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate nafuu.

Wale ndugu wanne hawakuafikiana siku ile. Kaka alitaka nyumba iuzwe kwa hiari yao kabla ya kuuzwa na wengine. Dada hakusema neno, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Walichokubaliana ni kuchanga kwanza deni la baba yao, kisha warudi kwetu kuzungumzia mirathi. Tuliwaombea dua, tukawafungulia daftari. Je, wewe msomaji, hati ya nyumba ya wazee wako iko kwa nani, na kodi yake imelipwa mpaka mwaka gani?

Wabillahi tawfiq.